Nimehama kivinjari, na safari hii nimehama kweli

Kwa miaka mingi nilifungua kivinjari jinsi mtu anavyoingia chumbani kwake gizani: mkono unajua kitasa kilipo, macho hayana kazi. Kilikuja na kompyuta, nikakizoea, nikabaki nacho. Mzoea punda hapandi farasi. Jina lake sitalitaja, kwa sababu malalamiko yangu ni ya mtumiaji mmoja na mashine yake moja. Kilichonitoa nitakisema. Kila baada ya sasisho kubwa nilikuta kitu nilichokizima kimewashwa tena. Ukurasa wa kichupo kipya, niliouacha mweupe kwa makusudi, ulirudi umejaa vichwa vya habari ambavyo sikuviomba. Nikavizima. Likaja sasisho jingine, vikarudi. Mara ya tatu sikuvizima. Nilikaa nikaviangalia, na swali likanijia ambalo lilipaswa kunijia zamani: hii programu inamfanyia kazi nani?

Swali hilo lina jibu katika nyaraka zenyewe za mtandao. Walioandika kanuni za wavuti walikipa kivinjari jina la kazi: wakala wa mtumiaji. Wakala ni mtu unayemtuma. Anasimama mahali pako, anasema kwa niaba yako, anarudi na kile ulichomtuma. Mwaka 2020 Bodi ya Usanifu wa Intaneti ilitoa waraka wa RFC 8890, na ujumbe wake ni kwamba intaneti ni ya watumiaji wa mwisho. Maslahi yao yanapogongana na ya wengine, yao ndiyo yatangulie. Niliusoma mwanzo hadi mwisho. Nikafungua mipangilio ya kivinjari changu, nikahesabu mambo ambayo wakala wangu alikuwa akiyafanya bila mimi kumtuma. Nilipofika la tisa nikaacha kuhesabu, nikaanza kutafuta pa kuhamia.

Hapo hapo nijibu swali ambalo wengi huuliza wanapochungulia kumbukumbu za seva, yaani kompyuta inayotoa kurasa za tovuti: kwa nini kila kivinjari kinajiita Mozilla? Kila kivinjari kinapoomba ukurasa hujitambulisha kwa mstari mfupi wa maneno, na mstari huo ndio jina la wakala. Chrome, Safari, Edge na Firefox wote huanza kwa neno lile lile: Mozilla/5.0. Hilo ni kovu la miaka ya 1990. Netscape, kivinjari maarufu cha wakati huo, ilijitambulisha kama Mozilla, tovuti zikawa zinaipa yenyewe kurasa zilizopambwa na kuwapa wengine kurasa za kawaida, basi na wengine wakaanza kujitambulisha hivyo ili wasinyimwe. Hadi leo mawakala wote wanaitikia jina moja.

Kuamua pa kwenda kulinichukua wiki mbili, na kilichoamua ni injini. Injini ndiyo inayosoma msimbo wa ukurasa na kuuchora kwenye kioo. Majina ya vivinjari ni mengi, lakini injini kubwa zimebaki tatu. Blink ya Google imo ndani ya Chrome, Edge, Opera, Brave na Vivaldi. WebKit ya Apple imo ndani ya Safari. Gecko ya Mozilla imo ndani ya Firefox. Opera ilikuwa na injini yake, Presto, ikaiacha mwaka 2013. Microsoft nayo iliiacha ya kwake, na Januari 2020 ikatoa Edge mpya iliyojengwa juu ya Chromium, msimbo huria ambao Chrome nayo imejengwa juu yake. Kwa hiyo mtu anayetoka Chrome kwenda Edge anahama chumba tu, nyumba ni ile ile. Mimi nilitaka kuhama nyumba.

Na sababu yangu si ushabiki. Injini moja ilishawahi kutawala, tukaona matokeo. Internet Explorer 6 ilitoka mwaka 2001, ndani ya muda mfupi Internet Explorer ikawa imeshika zaidi ya asilimia 90 ya watumiaji, na toleo la 7 halikuja hadi 2006. Miaka mitano wavuti ilisimama mlangoni ikisubiri. Tarehe 9 Novemba 2004 ikatoka Firefox 1.0, ikiwa na vichupo, kizuizi cha madirisha yanayoruka, na mlango ulio wazi kwa yeyote mwenye ujuzi kuandika nyongeza, programu ndogo zinazokiongezea kivinjari kazi. Mlango huo ndio ulionivuta mimi, miaka mingi baadaye.

Basi nikachagua Firefox, nikatenga Jumamosi nzima ya kuhama.

Firefox ina kitufe cha kuleta kila kitu kutoka kivinjari kingine kwa mbofyo mmoja. Sikukitumia. Nilitaka kuona ninachobeba. Nikahamisha alamisho zangu kuwa faili, nikalifungua faili kwa kihariri cha maandishi, na mstari wa kwanza ukanisimamisha: NETSCAPE-Bookmark-file-1. Kampuni ya Netscape haipo tena, ila kila unapohamisha alamisho kutoka kivinjari chochote, faili linatoka limevaa jina lake. Chini ya mstari huo kila alamisho ina anwani, kichwa, na namba ndefu. Namba hiyo ni tarehe uliyoihifadhi, imehesabiwa kwa sekunde tangu mwanzo wa mwaka 1970. Nilibadilisha chache ziwe tarehe za kawaida. Moja ilikuwa ya usiku wa manane, mwongozo wa kutengeneza jedwali kwa msimbo, siku nilipoandika ukurasa wangu wa kwanza. Kiungo kilikuwa kimekufa. Nikabofya cha pili, nacho kimekufa. Nilipitia zaidi ya alamisho mia saba saa zile, na zilizohamia nyumba mpya ni tisini na nne.

Nywila ni habari nyingine kabisa, na hapa naomba msomaji apunguze mwendo. Kivinjari cha zamani kilinipa nywila zangu ndani ya faili la CSV. Faili hilo halina kufuli. Nililifungua nikaziona zote zimejipanga safu kwa safu, maandishi matupu: tovuti, jina, nywila. Ya benki ilikuwa mstari wa nne. Mikono ilipoa. Nililiingiza faili kwenye Bitwarden, programu ya kutunza nywila, nikahakikisha idadi imelingana, nikalifuta faili, nikamwaga pipa la takataka, kisha nikakagua kama folda ya kupakulia ilikuwa ikinakiliwa kwenye hifadhi ya mtandaoni. Ilikuwa inanakiliwa. Nikaenda kulifuta na kule, pamoja na kwenye takataka za kule. Ukihama leo, zima unakili huo kwanza, kabla hujagusa nywila. Halafu ingia kwenye kivinjari cha zamani ufute zilizobaki, maana kuhamisha ni kunakili. Zako za asili zinabaki zilipokuwa.

Wiki ya kwanza niliishi bila nyongeza hata moja. Nilifanya hivyo kwa sababu nyongeza ulizozoea hukuficha hali halisi ya kivinjari chenyewe. Nikagundua mambo niliyokuwa nikiyawekea nyongeza tayari yamo: hali ya kusoma inayovua ukurasa mapambo yote ukabaki na maandishi, hali ya kulazimisha miunganisho salama iliyoingia na toleo la 83 mwaka 2020, na tafsiri ya kurasa inayofanyika ndani ya kompyuta yako mwenyewe bila maandishi kutumwa popote, iliyoingia na toleo la 118 mwaka 2023. Nyongeza tatu nilizokuwa nimeziandika kwenye orodha nikazikata kabla sijazisakinisha.

Siku ya nane nikaweka ya kwanza: uBlock Origin, kizuia matangazo.

Niseme kwa kirefu kidogo, maana hii peke yake ingetosha kunihamisha. Aliyeianzisha ni Raymond Hill, mwaka 2014, na hadi leo mradi haupokei michango ya fedha. Anayetaka kushukuru anaelekezwa kwa watu wanaotunza orodha za vichujio, yaani orodha za vitu vya kuzuiwa. Neno Origin katika jina ni la lazima, kwa kuwa ipo nyingine inayoitwa uBlock tu na ni kitu tofauti. Inavyofanya kazi ni hivi: ukurasa unapofunguka huanza kuagiza vitu, picha hapa, msimbo kule, kifuatiliaji kwenye seva usiyowahi kuisikia. Kila agizo kabla halijatoka linapita kwa uBlock Origin, nayo inaamua liende au life pale pale. Tangazo lililozuiwa hivyo halikufichwa. Halikuagizwa kabisa. Data haikutumika, na yule wa upande wa pili hakujua kwamba ulipita.

Uwezo huo wa kusimamisha kila agizo na kulihoji ndio uliobadilishwa kwenye Chrome kwa mpango unaoitwa Manifest V3. Chini ya mpango huo nyongeza inakikabidhi kivinjari orodha ya kanuni mapema, halafu kivinjari ndicho kinachohukumu. Google ilieleza kwamba lengo ni usalama na kasi. Kuanzia 2024 Chrome ilianza kuzima nyongeza za mpango wa zamani, uBlock Origin ikiwemo. Ipo nyepesi iliyoandikwa upya iitwayo uBlock Origin Lite. Firefox iliamua kuikubali mipango yote miwili. Hoja ya usalama ina uzito wa kweli na nitaifikia, lakini mimi naamini mwenye kuamua ni mtumaji, na mtumaji ni mimi.

Kuna kitufe kidogo ndani yake, umbo la kibomba cha kudondoshea dawa. Ukikibofya, ukurasa unafifia, na kila unapopeleka kipanya kipande cha ukurasa kinawaka rangi. Tovuti moja ninayoisoma kila asubuhi ina upau juu unaokufuata ukiteremka, unakula karibu robo ya kioo. Nikaupeleka mshale, upau ukawaka, nikabofya, nikathibitisha. Ukatoweka, na kesho yake haukurudi, wala kesho kutwa. Mdogo wangu alikuwa amekaa pembeni akisubiri zamu yake ya kompyuta.

"Kaka, hii ndiyo ile ile ninayosoma mimi kwenye simu?"

"Ndiyo hiyo hiyo."

"Mbona kama gazeti lililofuliwa?"

Sijapata maneno mazuri kuliko hayo ya kuieleza. Usiku ule nikamwekea Firefox kwenye simu yake ya Android, ambako nyongeza zinafanya kazi pia. Mwenye iPhone hana bahati hiyo: kwa miaka mingi Apple ilivitaka vivinjari vyote vya iPhone vitumie WebKit chini, na tangu 2024 sharti hilo lililegezwa ndani ya Umoja wa Ulaya.

Baada ya hapo nikageukia vichupo. Mimi hufungua vingi. Ninapotafuta jambo hufika arobaini, na vikipangwa juu vinabanwa hadi jina halisomeki. Nikavipanga pembeni, wima, kwa nyongeza ya Tree Style Tab, ambayo hupanga vichupo kama mti: kilichofunguliwa kutoka kingine kinakaa chini yake kama tawi. Shida ikawa ile safu ya juu haikuondoka, vichupo vikawa mara mbili. Dawa ni faili liitwalo userChrome.css, ambalo linakuruhusu kubadili sura ya kivinjari chenyewe, siyo ya tovuti. Unaingia about:config, ukurasa wa mipangilio ya ndani ya Firefox, unawasha mpangilio mmoja unaoruhusu faili hilo kusomwa, unatengeneza folda ya chrome ndani ya folda ya wasifu wako, unaandika mstari mmoja wa kuikunja safu ya juu, unafunga na kufungua upya. Kioo kikapanuka. Niliandika mstari ule kwa mkono wangu na bado nakumbuka nilivyofurahi, kama mtu aliyetoboa dirisha kwenye ukuta wake mwenyewe.

Machi 2025 toleo la 136 likaja na vichupo vya wima ndani yake. Nilivijaribu siku tatu. Havina matawi, lakini nilikuwa nimeshaona kwamba matawi siyatumii sana. Nikaondoa nyongeza, nikafuta faili. Kuondoa nyongeza kwa sababu kivinjari kimejifunza kazi yake ni mwisho mzuri kuliko yote ambayo nyongeza inaweza kuupata.

Ninayoipenda kuliko zote ni Multi-Account Containers, ya Mozilla yenyewe. Inagawa kivinjari katika vyumba, kila chumba na vidakuzi vyake, yaani vijifaili ambavyo tovuti huvitumia kukutambua. Barua pepe ya kazini iko kwenye chumba cha rangi ya chungwa, ya nyumbani cha bluu, na benki ina chumba chake ambamo hakiingii kitu kingine. Kichupo kina mstari mwembamba wa rangi unaokuambia uko wapi. Ninakuwa na akaunti mbili za huduma moja zimefunguka sambamba na hazijuani.

Sasa ile hoja ya usalama.

Kabla ya kuhama nilikuwa na nyongeza ndogo ya kupiga picha ya ukurasa. Ilifanya kazi vizuri mwaka na zaidi. Kisha nikaanza kuona viungo vya maduka ninavyobofya vikipita kwanza mahali pasipojulikana, nusu sekunde, halafu vinafika. Nililaumu tovuti. Nililaumu mtandao. Baada ya majuma mawili nikazima nyongeza zote, viungo vikanyooka. Nikaziwasha moja moja, na ilipowashwa ile ya picha, kona ikarudi. Ilikuwa imebadili mmiliki.

Hayo si ya kwangu peke yangu. The Great Suspender, nyongeza ya kulaza vichupo visivyotumika, ilikuwa na watumiaji wengi na sifa njema. Mwaka 2020 mwenyewe aliikabidhi kwa wengine, na Februari 2021 Google ikaiondoa kwa kuwa na msimbo hasidi. Stylish, ya kubadili sura za tovuti, iliondolewa kwenye maduka ya nyongeza Julai 2018 baada ya kubainika kwamba ilikuwa ikikusanya historia ya kurasa ambazo watumiaji wake walizitembelea. Hakuna mtumiaji aliyebofya kitu kibaya. Walikuwa wamesema ndiyo mara moja, zamani, kwa mtu mwingine.

Ndiyo maana sentensi ile inayotokea unaposakinisha, kwamba nyongeza itaweza kufikia data yako kwenye tovuti zote, siku hizi naisoma neno kwa neno. Maana yake ni kwamba inaona unachoandika kwenye kila fomu. Kizuia matangazo kinahitaji uwezo huo, kazi yake haiwezekani bila huo. Kibadilisha rangi ya upau hakihitaji. Na hata nyongeza safi ina gharama nyingine: kadiri unavyokipamba kivinjari ndivyo kinavyozidi kutambulika. Mwaka 2010 EFF, shirika linalotetea haki za watu mtandaoni, lilichunguza alama za vivinjari karibu 470,000 vilivyotembelea ukurasa wake wa majaribio, na asilimia 83.6 vilikuwa vya pekee, havifanani na kingine chochote, bila kidakuzi hata kimoja. Fonti, ukubwa wa kioo, saa za eneo, vyote vikijumlishwa ni kama alama ya kidole.

Kanuni yangu nimeikopa kwa wahenga: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Nyongeza mpya inakaa siku chache kwa uangalizi. Ikifika siku ya tatu na sijaitumia, inaondoka siku hiyo hiyo. Kuizima tu haitoshi. Nikiwa na mbili zinazofanya kazi moja, moja inaondoka. Natazama tarehe ya sasisho la mwisho, natazama kama msimbo wake ni wa chanzo huria, na natazama ni nani anayeitunza.

Mwezi wa pili fomu moja muhimu ilikataa kutumwa. Nabofya kitufe, kinazama, hakuna kinachotokea. Kwenye menyu ya msaada ya Firefox kuna hali ya utatuzi inayofungua kivinjari bila nyongeza yoyote. Nikafungua huko, fomu ikaenda. Kwa hiyo kosa lilikuwa kwangu, siyo kwao. Ukiwa na nyongeza nyingi usizizime moja moja. Zima nusu, jaribu, kisha gawa tena nusu yenye tatizo. Nilikuwa nazo nane wakati huo na nilimpata mhusika kwa majaribio matatu: nyongeza ya kuzima fonti za nje. Nikaiondoa. Kwa kanuni yangu ile, hadi leo zimebaki tano.

Na moja kati ya hizo tano inanisubiri leo. Ni ya kugeuza kurasa kuwa nyeusi usiku, ndogo, ya mtu mmoja. Asubuhi nimekuta alama kwenye menyu: sasisho limefika na linaomba ruhusa mpya. Firefox haisakinishi sasisho la namna hiyo mpaka ukubali mwenyewe, kwa hiyo toleo la zamani linaendelea kufanya kazi huku nikifikiri. Ruhusa inayoombwa ni kusoma historia. Sioni kwa nini rangi ya ukurasa iihitaji historia yangu. Nimefungua mahali msimbo wake unapohifadhiwa, nimelinganisha toleo la jana na la leo, na nimefika mstari wa 212. Kitufe cha kukubali bado sijakigusa.